Kanga Yako Imelala Kwenye Faili Gani?

Haya wadogo zangu, leo maswali ya wachumba na mawifi yapumzike kidogo. Nataka kuzungumza na nyinyi mnaochora kanga, vitenge, mashuka na nembo za sare kwenye kompyuta, kwa sababu mnaniletea lalamiko lilelile: "Dada, kwenye kioo ilipendeza, imetoka kiwandani imeharibika." Nikiuliza fundi alipelekewa nini, naambiwa, "Nilimtumia picha WhatsApp."

Basi tuanzie hapo hapo. Kazi ya nguo ina mafaili mawili, na ni lazima yawe mawili. Lipo faili la kazi, ambalo ni lako, lenye matabaka yote yakiwa bado yamejitenga: pindo peke yake, mji peke yake, jina peke yake, na kila rangi unaweza kuigusa bila kuisumbua nyingine. Na lipo faili la kupeleka, ulilolitoa kwenye lile la kwanza kwa ajili ya mashine fulani ya fundi fulani. Faili la kwanza unalisevu, la pili unalieksipoti. Mwenye faili moja tu, siku mteja akimwambia "hizo korosho za pindoni zipunguze kidogo," anakesha akichora upya.

Programu zenyewe zimejitahidi kutufundisha tofauti hii, sisi ndio wagumu. Chukua GIMP, ambayo ni ya bure. Tangu toleo la 2.8 lililotoka mwaka 2012, ukisevu inakupa XCF tu, yaani faili lake la kazi. Ukitaka JPEG, PNG au TIFF, inakulazimisha upite mlango wa pili, wa kueksipoti. Watumiaji walinung'unika sana wakati ule. Mimi naona walitendewa wema. Photoshop nayo ilifuata njia hiyo mwaka 2021, ikatenganisha kusevu na kutoa nakala, ndiyo maana mchoro wako ukiwa na matabaka huioni JPEG kwenye orodha ya kwanza na unadhani kompyuta imeharibika. Haijaharibika. Inakuzuia usije ukauponda mchoro wako mwenyewe. Unga ukishakuwa chapati haurudi kuwa unga: PSD, XCF, CDR ya CorelDRAW, AI ya Illustrator, KRA ya Krita na SVG ya Inkscape ni unga, JPEG ni chapati.

Hiyo SVG nina mapenzi nayo ya pekee. Ndani yake ni maandishi matupu, na kanuni zake zilitangazwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2001 bila kuwa mali ya kampuni yoyote. Kampuni ikifunga duka au ikikudai malipo ya kila mwezi, SVG yako bado itafunguka. Kwa mchoraji anayeanza, asiye na fedha ya leseni na anayeshawishika kununua programu iliyovunjwa kufuli kutoka kwa kijana mwenye flashi, ushauri wangu ni mmoja: Inkscape kwa michoro ya mistari, Krita au GIMP kwa michoro ya brashi. Ya kuvunjwa kufuli inakuja na virusi, na virusi havibagui faili la kazi na faili la kupeleka.

Sasa vipimo. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo fedha za watu zinapomwagika.

Programu nyingi zimezoea kuhesabu kwa inchi, kwa hiyo mtu akisikia "DPI 150", yaani nukta 150 kwa kila inchi, anaiandika hivyo hivyo na kuendelea. Lakini viwanda vyetu vinapima kwa sentimita. Kitenge kinachochapwa kwa rola zenye matundu, mashine za aina ile ambayo kampuni ya Stork ya Uholanzi iliionyesha kwa mara ya kwanza mwaka 1963, mara nyingi kina mzunguko wa sentimita 64, kwa sababu huo ndio mzingo wa kawaida wa rola. Kipande chako kinachojirudia lazima kiwe sentimita 64, au kigawanyike humo bila kubaki kitu: 32, 16, hata theluthi. Ukimpelekea fundi kipande cha sentimita 30, atakinyoosha kiwe 32, na maduara yako yote yatakuwa mayai.

Ila hata ukiweka 64 sawasawa, DPI 150 itakupa pikseli 3,779 na nusu. Nusu pikseli haipo duniani. Programu itaikata au itaijaza, ukingo wa juu hautakutana na wa chini, na kwenye kioo hutaona kasoro yoyote. Utaiona kwenye jora: uzi mweupe mwembamba unaopita kitambaani kila baada ya sentimita 64, mwanzo hadi mwisho, na mwenye duka Kariakoo atakuuliza kama umechapa kitenge au daftari la shule.

Dawa yake ni ndogo hata inaudhi. Fungua ukurasa mpya, badilisha kipimo kutoka inchi kwenda sentimita, andika pikseli 60 kwa kila sentimita. Sentimita 64 zinakuwa pikseli 3,840 kamili. Sentimita 32 zinakuwa 1,920. Kanga ya sentimita 150 kwa 110 inakuwa 9,000 kwa 6,600, bila nusu wala robo. Hiyo ni sawa na DPI 152 hivi, na kwa kitambaa cha pamba inatosha kabisa. Wapo watakaokwambia bila DPI 300 hujafanya kazi. Hao wamezoea kadi za harusi. Kanga hiyo hiyo kwa pikseli 60 kila tabaka lililojaa linakula kama megabaiti 178 za kumbukumbu ya kompyuta; ukizidisha pikseli za kila sentimita mara mbili, tabaka moja linapita megabaiti 700, kompyuta inaanza kugugumia, na mwisho wa yote uzi wa pamba unavimeza vinukta ulivyovihangaikia. Kitu pekee kinachodai ukali zaidi ni herufi nyembamba na mistari laini, na hivyo vichore kwa vekta, ambayo haina pikseli za kuhesabu.

Kanga nzima, yenye pindo pande zote nne, haiingii kwenye mzingo wa sentimita 64. Kiwanda kitakuwa na fremu bapa au rola kubwa zaidi, na kila kiwanda kina vipimo vyake. Kwa hiyo muulize fundi kabla hujachora hata ua moja. Swali ni jepesi: "Kanga yako inatoka na urefu gani, upana gani, na mstari wa kukata doti unapita wapi?" Usione haya kuuliza. Fundi anayeulizwa mapema huheshimu, anayeulizwa baada ya kuchonga fremu hutoza.

Kwa wanaotumia Krita, kuna kitufe kimoja ningependa kila mmoja wenu akijue: bonyeza W, mchoro wako unajirudia pande zote papo hapo, unaona kasoro ya kiungo kabla hujaeksipoti. Na kwa wa Inkscape, angalieni mafaili yenu ya zamani. Toleo la 0.92, lililotoka Januari 2017, lilibadilisha hesabu kutoka pikseli 90 kwa inchi kwenda 96. Faili la kabla ya hapo likifunguliwa leo linaweza kusinyaa, kipande cha sentimita 64 kikawa 60. Programu hukuuliza kama irekebishe. Wengi tunabonyeza tu chochote ili ituache. Soma kwanza, mdogo wangu. Na ukimpelekea fundi mchoro wa vekta, mpe PDF badala ya SVG, kwa kuwa PDF hubeba kipimo chake halisi.

Tuje kwenye JPEG, maana najua bado mnaitetea. JPEG iliundwa kwa ajili ya picha za kamera. Ili faili liwe jepesi, huikata picha katika vijiboksi vya pikseli 8 kwa 8, halafu kila kijiboksi hukadiria rangi zake. Kwenye picha ya bahari au uso wa mtoto, jicho halijui. Sasa ifikirie kanga ya kisutu: nyekundu, nyeusi, nyeupe, kingo kali kama wembe. Ukiitoa kwa JPEG, pembezoni mwa kila kingo kunazuka vumbi la wekundu wa mashaka na weusi wa mashaka, mamia ya rangi ambazo hukuzichagua. Mchapaji wa fremu anahitaji fremu moja kwa kila rangi. Utamwambia achonge fremu mamia? Atakaa ausafishe mchoro wako kwa mkono, akulipishe, au asiusafishe, na vumbi lote hilo litoke kwenye kitambaa kama madoa. Na kila mara ukiifungua JPEG, ukairekebisha na kuisevu tena, inakadiria upya juu ya makadirio ya jana.

Kama fundi anataka faili la pikseli, mpe TIFF iliyobanwa kwa LZW, ambayo haitupi hata pikseli moja, au PNG. Lakini kabla ya kutoa, punguza rangi. Kwenye GIMP ingia kwenye hali ya rangi zilizoorodheshwa, andika idadi unayoitaka, mbili au tatu au tano, na zima ile mbinu ya kuchanganya nukta. Zima pia ulainishaji wa kingo, ule unaofanya mstari uonekane mororo kwenye kioo kwa kuweka pikseli za kijivu pembeni. Kwenye kompyuta unaonekana nadhifu. Kwenye fremu ni rangi ya ziada isiyo na mwenyewe.

Wapo mafundi watakaokuomba utenganishe rangi mwenyewe, hasa hawa wa karakana ndogo wanaochapa kwa mkono. Kazi hiyo ni nzuri na inakupa heshima. Kila rangi unaitoa peke yake kama ukurasa mweusi juu ya mweupe; hata kama ni njano ya embe, kwenye filamu inakuwa nyeusi tii. Weka alama za msalaba kwenye pembe nne, sehemu zilezile kwa kila ukurasa, ili fremu zikae moja juu ya nyingine bila kuteleza. Andika jina la rangi nje ya mchoro. Na muulize rangi zipandane kwa kiasi gani, maana kitambaa kinavutika, na rangi zilizogusana tu bila kupandana huacha mwanya mweupe. Kwenye kisutu, nyeupe yenyewe inaweza kuwa ni kitambaa kisichoguswa. Usimtolee filamu ya nyeupe halafu akabaki anakodoa macho.

Jina la kanga nalo lina balaa lake. Herufi ulizozichagua zipo kwenye kompyuta yako, si lazima ziwepo kwa fundi. Akifungua faili, programu yake itaweka herufi nyingine, pana zaidi, na maneno yatavuka mji yaingie pindoni. Kwa hiyo kwenye faili la kupeleka geuza herufi ziwe michoro ya mistari; CorelDRAW, Illustrator na Inkscape zote zina amri hiyo. Kabla ya kugeuza, mpe mtu mwingine asome jina kwa sauti, kwa sababu baada ya hapo herufi iliyokosekana haiongezwi kwa kuandika. Lakini kwenye faili la kazi liache jina likiwa maandishi hai. Mji uleule na pindo lilelile vinaweza kurudi sokoni vikiwa na jina jipya, na mwenye maandishi hai hubadilisha kwa dakika.

Nikiwa hapo hapo kwenye CorelDRAW, ambayo kwa wachapaji wetu wengi ndiyo mfalme: toleo la zamani halifungui faili la toleo jipya. Wakati wa kusevu nakala ya kupeleka kuna sehemu ya kuchagua toleo. Muulize fundi ana la mwaka gani, umchagulie hilo. Yeye hawezi kubadilisha kompyuta kwa ajili ya kazi yako moja.

Na wale mnaochapa kwa karatasi ya kuhamishia kwa joto, mchoro hugeuzwa kama kwenye kioo kabla ya kuchapwa karatasini, la sivyo jina litasomeka kinyumenyume. Muulizane mapema nani anageuza, wewe au mashine, kwa sababu mkigeuza wote wawili mmerudi palepale. Na msinitumie malalamiko kwamba imepauka kwenye pamba. Njia hiyo ni ya poliesta.

Kuhusu rangi sitasema mengi. Kioo cha kompyuta kinatoa mwanga, kitambaa kinapokea mwanga, na viwili hivyo havitafanana kamwe. Mpelekee fundi kipande cha kitambaa chenye rangi unayoitaka, ukikate hata kwenye kanga ya mama, au mpe namba ya Pantone ya pamba, zile zinazoishia na TCX. Ila mjue kwamba mwaka 2022 Adobe iliziondoa rangi nyingi za Pantone kwenye programu zake kwa sababu ya mgogoro wa leseni, na mafaili ya zamani yaliyofunguliwa baadaye yalionyesha weusi mahali pa rangi hizo. Namba ya rangi iandike kwenye karatasi ya maelezo pia.

Sasa nyinyi wa kudarizi, msidhani nimewasahau. Kwenu tofauti ya mafaili mawili ndiyo kali kuliko kwa wote. Ukichora nembo ya shule kwenye programu ya Wilcom, faili la kazi ni EMB: linajua hili ni duara, hili ni jani, hii ni herufi, na ukibadilisha ukubwa linapiga hesabu ya mishono upya. Mashine nyingi za kudarizi zinataka DST, faili la mashine za Tajima. DST halijui duara wala jani. Linajua sindano iende hapa, iende pale, iruke, isimame. Hata rangi ya uzi halibebi; linabeba tu agizo la kubadilisha. Ndiyo maana nembo ya kijani mnaiona imefunguka kwenye kompyuta nyingine ikiwa na rangi za ajabu, na ndiyo maana lazima uambatanishe karatasi inayosema uzi wa kwanza ni rangi gani, wa pili rangi gani.

Hebu mteja arudi. Nembo ya mfukoni ilikuwa sentimita 6, sasa anaitaka mgongoni mwa koti, sentimita 25. Mishono ilipangwa kwa nafasi ya milimita 0.4, ambayo ni kawaida. Ukiinyoosha ile DST kama ilivyo, nafasi inakuwa zaidi ya milimita 1.6 na koti linachungulia katikati ya nyuzi. Ukifanya kinyume, ukaifinya ya mgongoni iwe ya kofia, mishono inarundikana, sindano zinakatika moja baada ya nyingine. Mwenye EMB anakunywa chai wakati programu inahesabu. Kwa hiyo anayekuchorea nembo kwa malipo, mwombe mkubaliane mapema kama bei inajumuisha EMB. Na jina la faili la mashine liwe fupi, herufi nane au chini, bila nafasi. Mashine za zamani hazioni majina marefu.

Kutuma. WhatsApp ukiichagulia njia ya picha, huipunguza picha ili isafiri haraka, na zile pikseli 9,000 tulizozihesabu kwa jasho hazifiki. Tuma kama hati. Tangu 2022 inapokea hadi gigabaiti 2 namna hiyo, na faili linafika kama lilivyoondoka. Ukitumia flashi iliyopangwa kwa FAT32, haitapokea faili linalozidi gigabaiti 4 hata kama ina nafasi tele. Ipange kwa exFAT. Faili la kazi liwe na nakala nje ya kompyuta yako, na ukae na tabia ya kusevu kila unapomaliza kitu, kwa sababu umeme wetu haukuagi. Kwenye jina la faili andika mteja, kazi, kipimo na tarehe. "Mwisho kabisa mpya 2" si jina, ni kilio.

Nimalizie na fedha, maana wengi mnanyonywa hapa bila kujua. Mteja aliyelipia kanga moja amelipia faili la kupeleka. Faili la kazi, lenye matabaka yote, ni kitu kingine: akilipata, kesho anabadilisha rangi, anabadilisha jina, anatoa matoleo kumi na wewe huna habari. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na ubishi ukitokea, mwenye faili la kazi lenye tarehe na hatua zake ana cha kuonyesha. Mwenye JPEG anaonyesha kile kile alichonacho kila mtu. Kwa hiyo usiligawe kwa sababu mteja ni shangazi wa rafiki yako, au kwa sababu amesema "nitumie tu yote." Lipe bei yake peke yake, mkubaliane kwa maandishi, na akilitaka alipe. Asiyetaka kulipa mpe TIFF yake, safi, yenye vipimo sahihi, na mwambie karibu tena.